Virusi vya kompyuta: tulinde akiba ya vikundi vyetu

Hapa kwetu Butembo na Beni vikundi vingi hupeleka kle kwenye sekretarieti ya mtaani ili kuchapisha ripoti na orodha ya akiba. Kle moja hupita katika kompyuta nyingi, na virusi hupita nayo.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza Brain, iliyosambaa kwa disketi. Mei 2000 ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikijifanya barua ya mapenzi. Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili katika nchi nyingi, ikidai dola 300 ili kuyafungua.

Virusi vya kle mara nyingi huficha mafaili na kuacha alama zinazofanana nayo. Ukibonyeza alama hiyo, umevifungulia mlango. Tusibonyeze, wala tusikubali haraka kle ifutwe yote: mara nyingi mafaili yangali ndani. Tumwombe fundi aisafishe kwanza kwa antivirusi.

Tena tuweke nakala ya pili kwenye kle isiyotembea, na daftari la karatasi tusiliache. Jasho la wamama lisipotee kwa kidole kimoja.