Taa za Tela kwenye Pikapu ya Zamani
Katika soketi ya tela ya pini 7 iliyozoeleka kwenye magari ya volti 12, waya wa njano ni wa indiketa ya kushoto, wa kijani indiketa ya kulia, mwekundu breki, wa kahawia na mweusi taa ndogo za nyuma, mweupe ethi. Rangi za nyaya za pikapu kuukuu, iliyopita kwa mafundi wengi, haziaminiki. Kila waya upimwe kwanza kwa taa ya majaribio.

Msumbufu mkubwa ni ethi. Ikifungwa juu ya kutu au rangi, umeme hutafuta njia kupitia balbu nyingine: breki ikikanyagwa, indiketa nazo huwaka kwa unyonge. Chasisi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ndipo bolti ikazwe. Flasha ya zamani hupepesa haraka mno balbu zikiongezeka, hivyo hubadilishwa kwa ya kielektroniki.