Sisimizi Vamizi na Mabadiliko ya Mawindo ya Simba Laikipia, Kenya

Makala haya yanafafanua namna mdudu mdogo anavyoweza kubadili uhusiano baina ya wanyama wakubwa. Msingi wake ni utafiti wa Kamaru na wenzake, uliofanyika katika Hifadhi ya Ol Pejeta, Kaunti ya Laikipia, na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2024.

Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Laikipia, mti uliotawala ni mgunga wenye miiba iliyovimba. Ndani ya miiba hiyo huishi sisimizi wa asili, ambao pia hunywa utomvu mtamu wa mti. Kwa malipo ya makazi na chakula hicho, sisimizi hao huulinda mti: tembo anapovunja tawi, humvamia na kumng'ata ndani ya mkonga hata akauacha.

Ulinzi huo umevunjwa na sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa. Hawa huwaua sisimizi wa asili na kula mayai na mabuu yao, lakini wao wenyewe hawaulindi mgunga. Kwa sababu hiyo, katika maeneo waliyoyavamia, tembo huivunja miti kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi kuliko kwingineko.

Miti inapopungua, mbuga huwa wazi. Simba humwinda pundamilia kwa kumvizia, naye huhitaji maficho. Palipo wazi, pundamilia humwona mapema na kukimbia. Matokeo ya utafiti yanaonesha kwamba mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, ilhali mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Katika kipindi hicho, nyati waliongezeka kutoka asilimia sifuri hadi 42.

Hata hivyo, idadi ya simba haikupungua. Jambo hili lina funzo kwa uhifadhi: aliyehesabu simba pekee angehitimisha kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini nyati ni windo kubwa na la hatari zaidi, lenye uwezo wa kumjeruhi na hata kumuua simba. Kwa hiyo, ustahimilivu wa simba wa leo usichukuliwe kuwa dhamana ya kesho. Methali husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Laikipia inatukumbusha kuwatazama pia walio chini ya nyasi.