Thelathini ya Nini? Majibu ya Maabara Yanapohama Kutoka Mfumo Mmoja Hadi Mwingine

Jibu la sukari ya damu linapotoka kwenye mashine ya maabara hadi kwenye skrini ya daktari, mara nyingi hupitia programu ya kati inayounganisha mifumo miwili. Mashine hulituma jibu kwa mpangilio wake. Faili la mgonjwa hulihitaji kwa mpangilio mwingine. Programu hulibadili kwa kufuata kanuni, ambazo baadhi huja tayari na nyingine huandikwa na wataalamu wa kompyuta wa hospitali yenyewe. Hizi za kuandikwa zinastahili jicho la tabibu, kwani ndani yake mna maamuzi ya tiba.

Mfano ulio wazi ni wa vizio. Sukari hupimwa kwa milimoli kwa lita au kwa miligramu kwa desilita, na ili kupata miligramu, milimoli huzidishwa kwa 18. Hivyo 7.0, kiwango ambacho kwa mtu asiyekula tangu usiku huashiria kisukari, ni sawa na 126. Hesabu ni nyepesi. Ugumu huanza mashine mbili za kituo kimoja zinapotumia vizio tofauti, na mojawapo ikatuma tarakimu tupu. Mwandishi wa kanuni aweza kushawishika kuamua kwamba tarakimu ikizidi kikomo fulani ni miligramu, na ikiwa chini yake ni milimoli. Kwa majibu mengi kanuni hiyo itafaulu, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeitilia shaka.

Siku moja litakuja jibu la 30. Miligramu 30 ni takriban milimoli 1.7: mgonjwa ameishiwa sukari na anahitaji glukosi mara moja. Milimoli 30 ni miligramu 540: sukari imepanda mno, na huenda akahitaji maji ya mishipa na insulini. Yule wa kwanza akipewa insulini anaweza kufa. Kanuni iliyo salama haikisii. Husoma kizio, na kisipokuwapo hulizuia jibu na kuiarifu maabara papo hapo.

Yapo pia majibu yasiyo tarakimu. Glukomita nyingi huandika LO sukari inapokuwa chini ya uwezo wake wa kupima. Kisanduku kinachopokea tarakimu pekee hukataa alama hiyo, na kanuni isiyoandaliwa huweka sifuri au huacha wazi. Daktari akiona pengo hudhani mgonjwa hajapimwa, ilhali huenda ndiye aliye hatarini kuliko wote wodini.

Saa za Kiswahili nazo zina mtego wake. Muuguzi anayeandika rejestani "saa 2 asubuhi" amekusudia 08:00 ya kompyuta. Kuongeza saa sita kunatosha kwa mchana. Usiku una shida nyingine. Dozi iliyotolewa saa 8 usiku katika zamu iliyoanza Jumatano ni ya 02:00, Alhamisi, kwani kompyuta hubadili tarehe saa 6 usiku. Ikiandikwa Jumatano, itaonekana kuwa ya siku moja nyuma, na mgonjwa aweza kupewa dozi nyingine kabla ya wakati.

Kabla ya kutumika, kanuni ijaribiwe kwa majibu ambayo maabara inayajua: la kawaida, la chini kabisa, la juu kabisa, lisilo na kizio, lisilo na tarakimu. Jibu la awali lihifadhiwe kama lilivyotoka mashineni, kando ya lile lililobadilishwa. Ikinunuliwa mashine mpya, majaribio yarudiwe, hata kama kanuni yenyewe haikuguswa.

Mgonjwa anayejipima nyumbani ataona kizio kimeandikwa kwenye glukomita yake, na akinakili katika daftari la kliniki aandike tarakimu pamoja na kizio hicho. Aliyezoea kuona 6, kisha akakuta 108 kwenye karatasi ya hospitali, asiongeze wala kupunguza dawa kabla ya kuuliza: ni kiasi kilekile cha sukari.