Taa Inayochanua

Katika miaka ya 2000 wabunifu wa Interactive Institute huko Sweden walitengeneza taa iitwayo Flower Lamp. Familia ikipunguza matumizi ya umeme, taa huchanua kama ua, ikizidisha, hujikunja. Haimgombezi mtu. Sisi wauguzi tumeipenda kwa hilo, maana kugombeza wagonjwa hakujatufikisha mbali.

Kibatari hakichanui, lakini nacho hutoa ishara: tazameni masizi puani mwa mtoto asubuhi. Ni moshi aliovuta usiku kucha. Tena kikianguka, huunguza. Kizimeni kabla ya kulala. Mafuta ya taa msiyaweke kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, mleteni hospitali upesi.