Kambi ya Mdahalo na Faida Yake kwa Vijana Wetu

Shule zifungwapo mwezi wa Agosti, ukungu huwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai na kahawa ya Nyeri, na baridi huwafanya watu wasibanduke mekoni. Wazazi wengi hupenda watoto wao wakae nyumbani wasaidie kazi, na hiyo ni haki yao. Lakini liko jambo moja liwezalo kumfaa kijana kwa siku tano au sita za likizo hiyo, nalo ni kambi ya mdahalo.

Huenda msomaji akauliza, kambi ya mdahalo ni kitu gani? Si masomo ya ziada ya likizo, ambayo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Ni mkutano wa wanafunzi wa shule mbalimbali, wale wa Gredi ya saba hadi ya tisa na wakubwa wao wa sekondari, ambao hulala katika shule moja na kufundishwa namna ya kujadiliana mbele ya watu. Desturi hii imeenea sana Marekani, ambako shule hufungwa kwa muda mrefu wakati wa kiangazi. Huko mtindo mmoja wa mdahalo umepewa majina ya Abraham Lincoln na Stephen Douglas, ambao katika mwaka 1858 walikutana mara saba katika jimbo la Illinois wakibishana mbele ya umati juu ya utumwa.

Mtindo wa mashindano ya shule za dunia, yaliyoanza Australia mwaka 1988, ni huu. Pande ni mbili, na kila upande una wasemaji watatu. Kila msemaji hupewa dakika nane, na mwishoni kila upande hupewa dakika nne za kujibu. Dakika ya kwanza ikiisha, na kabla ya dakika ya mwisho kuanza, mpinzani aweza kusimama na kuomba nafasi ya kuuliza. Msemaji ana hiari ya kumkubali au kumkataa. Hoja nyingine hutangazwa mapema, na nyingine hutolewa saa moja tu kabla ya mdahalo. Hapana kutukana, wala kumkatiza mtu ovyo, wala kumcheka aliyekwama.

Ugumu wenyewe ni kwamba kijana hachagui upande atakaoutetea. Katika kambi moja niliyohudhuria karibu na mji wa Nyeri, hoja ilikuwa kwamba shule za bweni zifungwe. Jambo hilo si la mchezo, maana mwaka 2022 Serikali ilitangaza nia ya kuondoa mabweni kwa watoto wa Gredi ya kwanza hadi ya tisa. Msichana mmoja wa upande wa Kieni, ambaye bweni lilikuwa limemwokoa na safari ndefu ya miguu kila alfajiri, aliangukia upande wa kutaka mabweni yafungwe. Alinung'unika kwamba hawezi kusema asiloliamini. Mwalimu hakumkemea, alimwambia aende akaandike sababu tatu zenye nguvu kuliko zote za watu wasiotaka mabweni, aziandike kama wao wenyewe wangeziandika.

Jioni alisimama akasema juu ya watoto wadogo wanaolala mbali na mama zao, na juu ya mzazi auzaye ng'ombe wake wa maziwa ili alipe karo. Ukumbi ulinyamaza. Hata hivyo waamuzi wawili kati ya watatu waliwapa ushindi wapinzani wake. Aliwapa mkono, kisha akaketi nao wakati wa chai akiwauliza ni wapi hoja zake zilipolegea. Nia yake juu ya mabweni haikubadilika, lakini alijua sasa kwamba wasiokubaliana naye si wajinga wala si adui.

Wasomaji wa Nyeri hawana haja ya kuelezwa sana kwa nini jambo hili ni kubwa. Mwezi wa Mei 1999, katika shule moja ya wavulana mjini humo, viranja walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao, na wanne wakafa. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja za Kenya zilishambuliwa kwa moto. Sisemi kwamba mdahalo peke yake ungaliyazuia mambo hayo, kwa kuwa visa vyake vilikuwa vingi. Lakini kijana aliyezoea kusema shida yake akasikilizwa, na aliyezoea kushindwa bila kuona kwamba amevunjiwa heshima, hatafuti kiberiti upesi.

Wala desturi hii si ngeni milimani kwetu. Wazee wa Kikuyu walikata mashauri katika kiama, na Wameru wanalo baraza lao la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru. Wakikuyu husema kwamba jeshi lisilo na baraza hupigwa kwa rungu moja. Tena tunao mfano wa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, aliyesoma Mathari, Nyeri, kabla ya kwenda Mang'u na Makerere. Aliingia Bungeni mwaka 1963; akawa Waziri, kisha Makamu wa Rais, kisha kiongozi wa upinzani kutoka 1998, na mwaka 2002 akachaguliwa kuwa Rais. Alikaa pande zote mbili za Bunge, na kote aliweza kusimama akajieleza.

Wako wazazi waogopao kwamba mtoto aliyefundishwa kubishana atawabishia wao nyumbani. Hofu hiyo naifahamu, lakini mdahalo humfundisha mtoto kungoja zamu yake, kumwamkia mwenyekiti kwanza, na kuleta sababu badala ya kelele. Mtoto wa namna hiyo ni rahisi kuongea naye.

Si kila mzazi ana fedha za kambi, wala si lazima. Shule yoyote, iwe Karatina, Kerugoya, Embu au Nanyuki, yaweza kuanza kwa saa moja ya ukutani, kengele, na hoja moja kila Ijumaa. Yafaa wiki moja hoja iwe kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili, maana zote mbili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Tena walimu wasiwaite wale wasemaji hodari tu. Wamtafute na yule akaaye nyuma kabisa, asiyenyosha mkono, wampe dakika zake nane, na watu wote wamsikilize mpaka amalize.