Njaa ya mahindi inavyokiamsha kiduha

Mkulima wa Kanda ya Ziwa akiona vimaua vya zambarau vimechomoza katikati ya mahindi yake, ajue hasara imeshaingia. Kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo, huwa kimekaa wiki kadhaa ardhini kikinyonya mizizi kabla ya kutoa hata jani moja juu. Mahindi hudumaa na kunyauka ilhali mvua imenyesha juzi tu, na hapo hawakosekani wa kusema shamba limelogwa.

Mbegu ya kiduha ni vumbi tupu. Haifiki nusu milimita, na mmea mmoja waweza kumwaga zaidi ya 50,000. Akiba yake ya chakula ni ya siku chache. Ikiota pasipo na mzizi wa kung'ang'ania, imekufa. Basi hutulia udongoni, pengine zaidi ya miaka 10, hadi ipate ishara kwamba mzizi uko milimita chache kutoka hapo ilipo.

Ishara hiyo ni kemikali, na ilinaswa kwanza mwaka 1966 huko Marekani, ambako kiduha kilikuwa kimegunduliwa katika mashamba ya Carolina miaka 10 kabla. Ajabu ni kwamba ilitoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiliwezi. Pamba huiamsha mbegu, kisha mbegu inakufa njaa. Wanaopokezanisha pamba na mtama shambani wanapata faida hiyo bila kuilipia.

Kemikali za jamii hiyo zikaitwa strigolaktoni. Lakini mahindi yana faida gani kumwaga kitu kinachomwita adui? Jibu lilichelewa hadi 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba aliyekusudiwa kuitwa ni mwingine kabisa: kuvu wa udongoni. Mmea ukipungukiwa na fosforasi, mizizi huzidisha strigolaktoni. Kuvu wakizihisi hutanda nyuzi zao, huingia mzizini, wakaleta fosforasi kutoka mbali na kulipwa sukari. Kiduha kimedukiza tu mazungumzo ya watu wawili.

Miaka mitatu baadaye makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yaligundua kwamba kemikali zizo hizo hufanya kazi ya homoni ndani ya mmea: huzuia machipukizi ya pembeni. Tazama mpunga uliopandwa kwenye udongo uliochoka. Shina moja, mawili, basi. Jirani yake aliyetiliwa samadi ametoa kichaka. Mpunga ule mwembamba umepima kilichopo ardhini ukaona matawi mengi hautayamudu.

Ukijua kwamba njaa ya mmea ndiyo inayozidisha ishara, lawama kwamba mkulima ni mvivu wa palizi zinapungua uzito. Kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu ni lazima, sikatai, ila kunaokoa msimu ujao zaidi kuliko huu. Shamba linalolimwa mahindi mwaka nenda mwaka rudi bila samadi wala mbolea linakiita kiduha kwa sauti kubwa zaidi kila msimu.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kiliokota dawa nyingine kikiwa katika shughuli tofauti. Watafiti walipanda desmodiamu, jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza viwavi wanaotoboa mabua. Kiduha nacho kikapungua. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, halafu hutoa kemikali nyingine zinazokizuia kichipukizi kushika mzizi wa mahindi. Juu ya hayo inarutubisha udongo kwa naitrojeni na kulisha ng'ombe. Kikwazo, kwa mwenye ekari moja, ni kupata mbegu zake na kuipa nafasi.

Kwa mtama kuna njia ya tatu. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alizalisha aina ambazo ishara yake haikiamshi kiduha sana. Nchini Tanzania, aina mbili kati ya hizo zinajulikana kama Hakika na Wahi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2017 ulibaini kuwa mtama wa namna hiyo haukunyamaza. Unatoa strigolaktoni ya umbo tofauti kidogo, ambayo mbegu ya kiduha inaipuuza.