Jini, Mpenzi na Sharti: Visa Kongwe katika Mazingira ya Salamabila

1. Utangulizi

Katika miaka ya karibuni utanzu mmoja wa riwaya umejipatia wasomaji wengi ulimwenguni, hasa miongoni mwa vijana. Ni riwaya za mapenzi baina ya binadamu na kiumbe asiye binadamu: jini, mzuka au mnyonya damu. Baadhi ya riwaya hizo huchukua kisa cha fasihi kongwe na kukihamishia katika mji wa leo, wenye shule, magari na simu. Mfano ujulikanao sana ni mfululizo wa Twilight wa Mmarekani Stephenie Meyer, ulioanza kutolewa mwaka 2005. Mwandishi huyo ameeleza kwamba, kwa kiasi fulani, kitabu cha kwanza kiliegemea Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813), cha pili Romeo and Juliet ya Shakespeare, na cha tatu Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847).

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akutanapo na riwaya hizo huelekea kuuliza maswali mawili: Je, sisi tunazo kazi za aina hii? Na je, zinastahili kuhakikiwa darasani, au ni burudani ya kupitisha wakati tu? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kutazama visa viwili, kimoja cha pwani na kimoja cha Kongo, kisha kuvipima katika mazingira ya Salamabila, mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Rai yetu ni kwamba kiini cha visa hivi ni sharti ambalo kiumbe yule humwekea binadamu. Msimulizi anayefaulu kuvihuisha ni yule anayelipatia sharti hilo makazi mapya katika maisha ya hadhira yake.

2. Kutafsiri na kusimulia upya

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Samuel Mushi alipotafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969), aliwaleta wachawi na mizimu ya Shakespeare katika lugha yetu, lakini mandhari yalibaki kuwa yale yale ya mwandishi wa awali. Hiyo ni tafsiri, na uaminifu wake hupimwa kwa matini asilia. Msimulizi upya ana deni jingine. Yeye huwajibika kwa watu walioketi mbele yake. Akibadili jina, mahali na kazi ya mhusika hapati lawama. Akiuacha mgogoro wa kisa bila mashiko katika maisha yao, amesimulia bure.

Katika fasihi simulizi jambo hili si geni. Mtambaji hodari hakuwahi kulazimika kueleza kwa nini sultani wa hadithi yake anakula wali na kuvaa kanzu kama watu wa mtaa wake. Kwa hiyo kukiweka kisa cha kale katika mazingira mapya ni mbinu ambayo Waswahili waliizoea muda mrefu kabla ya riwaya tunazozitaja.

3. Hasibu na Sultani wa Nyoka

Ushahidi wa maandishi tunao tangu mwaka 1870, Edward Steere alipochapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Mojawapo ni kisa cha Hasibu Karim ad-Din na Sultani wa Nyoka, ambacho asili yake imo katika Alfu Lela Ulela. Hasibu, mwana wa mganga, anakwenda mwituni pamoja na wakata kuni. Wanagundua shimo lililojaa asali. Asali inapokwisha kutolewa, wenzake wanamwacha chini ili wagawane faida peke yao. Hasibu anapata njia ya kutokea, akafika kwa Sultani wa Nyoka, naye akamkirimu.

Anapoomba ruhusa ya kurudi kwao, Sultani humwambia kwamba anajua atamletea madhara. Hata hivyo anamwachilia kwa sharti moja: asioge mahali penye watu. Hasibu anavumilia muda mrefu, kisha anaingia hamamu. Alama iliyo mwilini mwake inaonekana. Anakamatwa, anateswa, na hatimaye anaonyesha njia. Sultani wa Nyoka anauawa ili mwili wake uwe dawa ya mfalme mgonjwa.

Katika matini ya Kiarabu, ndani ya kisa hiki mna kisa kingine, cha mapenzi hasa. Janshah anampenda Shamsa, binti wa majini avaaye vazi la manyoya na kuruka kama njiwa. Janshah analificha vazi ili asimwondokee. Shamsa anapolipata anaruka, na kijana analazimika kumtafuta hadi nchi ya majini. Wanaungana tena, lakini baadaye Shamsa anauawa na papa alipokuwa akioga, na Janshah anabaki kulilia kaburini.

Tukivitazama visa hivi viwili pamoja, twaona muundo mmoja. Kuna binadamu, kuna kiumbe wa ulimwengu mwingine, kuna kitu au siri inayowaunganisha, na kuna jambo lisilopasa kufanyika. Upendo hudumu kadiri sharti linavyodumu.

4. Mamba muntu

Muundo huo huo umo katika kisa kilichoenea sana Kongo, cha mamba muntu, yaani kiumbe aliye nusu mtu, nusu wa majini. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi na miji mingine ya Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba wakati huo, walimchora mara nyingi sana, na wafanyakazi wa mijini walizinunua picha hizo wakazitundika sebuleni. Watafiti Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, na baadaye Bogumil Jewsiewicki, wameziandikia kwa kirefu.

Katika kisa chenyewe, mtu huokota kitana au unywele wa mamba muntu ukingoni mwa maji. Usiku mwenyewe humjia ndotoni, akadai chake. Mapatano hufanyika: mtu atapata utajiri, naye atatunza siri na kutompa mwanamke mwingine nafasi ya mpenzi huyo. Vazi la manyoya la Shamsa limekuwa kitana. Hamamu ya Hasibu imekuwa ulimi usiofungika.

Wachoraji walimsogeza mamba muntu hadi katika zama zao kwa kumvika saa ya mkono na mikufu. Mapambo hayo yalikuwa na kazi. Mtazamaji wa mjini alijua bei ya saa, na alijua ni nani awezaye kuinunua kwa mshahara wa halali. Hivyo picha ya mapenzi ilikuwa pia swali: mali hii imetoka wapi, na nani ameilipia?

5. Kisa kikifika Salamabila

Kiswahili kilifika Maniema na misafara ya biashara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Kasongo ilikuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili. Leo lugha hiyo ni mojawapo ya lugha 4 za taifa nchini Kongo, na ndiyo inayowaunganisha wachimbaji waliotoka pande mbalimbali kufuata dhahabu ya Salamabila. Mgodi wa Namoya, ulio jirani, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada. Lakini wachimbaji wadogo nao wana mashimo yao, na mkuu wa shimo huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa.

Msomaji na ajaribu sasa kukiweka kisa cha Hasibu hapo. Shimo la asali lawa shimo la dhahabu. Wenzake wanaovuta kamba wakamwacha chini hawahitaji maelezo. Kila mchimbaji anajua kwamba uhai wake umo mikononi mwa walio juu. Mwenyeji wa chini ya ardhi anaweza kuwa mamba muntu mwenyewe, na ukarimu wake ukawa mapenzi. Lakini usimulizi ukikomea hapo, tutakuwa tumebadilisha nguo tu. Swali gumu ni hili: kuoga hadharani ni kufanya nini leo?

Jibu linalotuelekea ni kuonyesha mali. Pikipiki mpya, bati jipya juu ya nyumba, kinywaji cha kuwanunulia wote: hizo ndizo alama za mwilini ambazo mpelelezi wa waziri huziona. Sehemu hii ya Maniema imeshuhudia pia wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na mashambulizi ya silaha. Mahali kama hapo, Hasibu anayepigwa hadi akaonyesha njia hawezi kuhukumiwa kwa wepesi kuwa msaliti. Kisa cha kale kinampa msimulizi nafasi ya kulisema jambo ambalo mtu hawezi kulisema wazi kwa jina lake: kwamba mtu aliyeteswa aweza kumtoa ampendaye, na kwamba ampendaye alilijua hilo tangu mwanzo akamwachilia hata hivyo. Hapo ndipo penye uchungu wa mapenzi katika kisa hiki.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba visa vya mapenzi na viumbe wasio binadamu tunavyo, na kwamba kuvihamishia katika mazingira ya leo ni desturi yetu. Tumeona pia kwamba kipimo cha uhakiki kipo: tutazame sharti limewekwa wapi, nani analivunja, na kwa shinikizo gani. Kazi ambayo sharti lake limechukuliwa tu kutoka kitabu cha kigeni itachosha upesi. Ile iliyolipatia sharti mahali pake itakumbukwa.

Inafuata kwamba idara zetu zisiziweke kando kazi hizi kwa kuziita fasihi pendwa. Mwanafunzi atokaye Kabambare au Kasongo angeweza kufanya tasnifu yenye manufaa kwa kurekodi masimulizi ya wachimbaji, na kuyaandika kwa Kiswahili kile kile wakisemacho, bila kuyasahihisha yafanane na sanifu. Kisa kinachosimuliwa karibu na shimo hakina maktaba ya kukihifadhi. Shimo likifungwa, wasimulizi hutawanyika kufuata dhahabu nyingine, na kila mmoja huondoka na kipande chake.